Jogoo Niliyemchukua Mateka

Mimi ni Mhehe, nimezaliwa karibu na misheni ya Tosamaganga, na hasira zangu zinajulikana mtaa mzima hapa Mbalizi. Kwa hiyo watu walicheka sana nilipoanza kuhubiri amani ya Israeli na Palestina. Jumuiyani, mtu akiombea upande mmoja, mimi nauombea na wa pili. Kijiweni, watu wakianza kugawana pande kama mashabiki wa mpira, nasema kote kuna mama wanaozika watoto, waache mabomu wakae mezani. Jirani yangu akanipa cheo cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Jirani huyo ni seremala, Mngoni wa Songea, Mwislamu, na ni mtani wangu. Mababu zake na mababu zangu walipigana vita, wakauana kweli, na sisi wajukuu tumebaki na utani. Wahehe tunasingiziwa kula mbwa, basi mbwa yeyote akipotea mtaani, yeye huja kuchungulia sufuria yangu. Siku tunamzika baba yangu, alisafiri mpaka kijijini kwetu, akashuka kaburini, akajilaza humo na kusema hatoki mpaka apewe kuku. Tulikuwa tunalia, tukajikuta tunacheka huku machozi yanatoka. Alipewa kuku, akapanda juu, tukamzika mzee. Nampenda sana mtu huyu, ingawa siwezi kumwambia usoni.

Binti yangu na binti yake wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Yule wa jirani alikuwa anaingia jikoni kwangu bila hodi na kufunua sufuria kuona kuna nini. Basi mwaka jana, wakiwa kidato cha tatu, wakatazama habari za Gaza kwenye simu, wakarushiana maneno, na urafiki ukafa siku hiyohiyo. Maneno gani, hakuna aliyekubali kutuambia. Nilikuwa namwona yule mtoto anapita mbele ya nyumba yangu akiangalia upande mwingine, na roho iliniuma kuliko nilivyotegemea. Mimi nahubiria mataifa, kumbe vita viko uani kwangu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, shule ikaandaa mdahalo: Israeli na Palestina, nani mwenye haki? Binti yangu aliwekwa upande mmoja, binti wa mtani upande wa pili. Nikaenda kumwona mwalimu. Nikamwomba abadilishe mada, watoto wajadili nini kifanyike ili watu wale wakae na kuzungumza. Mwalimu alinisikiliza vizuri.

"Mzee, wazo lako zuri," akasema. "Lakini waje wenyewe wawili, waniombe kwa pamoja. Ijumaa ndo mwisho."

Ilikuwa Jumanne. Niliporudi nyumbani nikapata akili ambayo ni Mhehe mwenye mtani Mngoni pekee anayeweza kuipata. Niliruka ua wa michongoma ulio kati yetu, nikamkamata jogoo mkubwa mwekundu aliyekuwa uani kwa jirani, nikamfunika kwa tenga stoo kwangu. Halafu nikatuma ujumbe: jogoo ni mateka, ataachiwa siku baba na binti yake watakapokuja mezani kwangu. Mtani kuchukua kuku wa mtani si wizi. Nilikaa barazani nikisubiri aje na matusi yake, tucheke, na watoto wakiwa pale wacheke pia.

Aliyekuja ni mke wake. Hakuwa anacheka.

"Shemeji, jogoo yule ni wangu," akasema. "Nimemtoa kwetu Kyela kwa ajili ya mbegu. Mtani wako ni mume wangu. Mi na we tuna utani gani?"

Hatukuwa nao. Yeye ni Mnyakyusa, na mimi na yeye hatuna utani hata wa kusingizia. Utani una sheria zake: unachukua cha mtani, huchukui cha mke wake. Nilikuwa nimeiba kuku mchana kweupe, mimi Katibu Mkuu.

Ningeomba radhi palepale yangeisha. Lakini alisema neno "mwizi" kwa sauti, majirani wakasikia, na hasira yangu ikapanda. Nikamwambia amchukue jogoo wake aende zake. Akakataa kumpokea kimya kimya. Alisema anataka radhi kwanza, na kwamba hatasema na mimi tena ana kwa ana: binti yake ataleta maneno yake, binti yangu atapeleka yangu. Mume wake, nilipomfuata karakana anisaidie, alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. "Mi simo," akasema.

Kwa hiyo Jumatano nzima wale watoto wawili walikutana kwenye michongoma. Nilimwambia binti yangu, "Mwambie ana mdomo mrefu kuliko jogoo wake." Akaenda, akakaa sana, akarudi na jibu: mama anasema anaheshimu sana nyumba yetu. Nikashangaa. Nikalegeza kidogo. Nikatuma kwamba jogoo anakula vizuri, ila aache kuniita mwizi. Jibu likaja: mama anasema lile neno lilimtoka tu kwa uchungu. Kufikia jioni nilikuwa namwona yule mama ni mtu muungwana wa ajabu.

Alhamisi asubuhi alikuja mwenyewe, mumewe nyuma yake, na bakuli la ndizi mkononi.

"Kamwene, shemeji," akanisalimia kwa Kihehe. "Nimesikia hujalala kwa aibu. Yameisha."

Nilikuwa nimelala fofofo. "Nani kasema sijalala?"

"Si umetuma mtoto? Na kwamba utaomba radhi mbele ya watu?"

Tukatazamana. Nikamuuliza kama kweli alisema anaheshimu nyumba yangu. Akaziba mdomo kwa khanga. Alichokuwa ametuma, akakiri, ni kwamba Wahehe wote wafungiwe stoo pamoja na jogoo. Mtani wangu alipiga yowe la kicheko, na mimi nikamfuata, na yule mama akaangua kicheko mpaka bakuli likataka kuanguka. Basi nikaomba radhi, kwa moyo, mbele ya watu kama nilivyokuwa nimeshaahidi bila kujua, nikafunua tenga na kumrudishia jogoo wake.

Wajumbe wetu walikuwa wamesimama kwenye michongoma, bega kwa bega, wakingoja kugombezwa.

"Tulikuwa tunakaa tunatunga," binti yangu akasema. "Maneno yenu yalikuwa makali, baba. Yangefika vile vile msingeelewana."

"Na yenu nyie wawili?" nikauliza. "Mliyatunga pia?"

Binti yangu akainamisha kichwa. "Hapana. Langu nilimwambia lilivyo. Siku ile nilimwambia watoto wa Gaza hawanihusu. Jana nikamwambia nilikosa, nikalia."

"Na mi nilimwambia Waisraeli waliotekwa walijitakia," mwenzake akasema taratibu. "Nikamwomba msamaha."

Hakuna aliyecheka hapo. Yule mama alimvuta binti yangu kifuani, na mimi nikageuka kutazama mlima kwa sababu machozi yalinijaa machoni. Najua jogoo si vita. Wale wa Israeli na Palestina wamezika watu wao, na hakuna tenga la kufunua ili waliokwenda warudi. Lakini nilifurahi asubuhi ile kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Walikwenda kwa mwalimu pamoja, akabadilisha mada. Siku ya mdahalo wazazi tulialikwa. Binti yangu alisema amani inahitaji watu wa kwenda na kurudi bila kuchoka. Mwenzake akaongeza kwamba mjumbe anaweza kupunguza ukali wa neno akiwa njiani, lakini kosa lazima alikiri mwenyewe aliyelitenda. Mtani wangu alinikanyaga mguu kwa makusudi na kuniambia nijiuzulu, nafasi imepata watu.

Jumamosi mke wangu alikuwa anapika maharage. Mlango wa jikoni ukafunguliwa bila hodi, na sufuria ikafunuliwa.