Pesa za Ndengu za Shangazi

Asubuhi hiyo niliondoka kwa shangazi, karibu na Mukuyuni, bila kujua ninaelekea wapi. Alinisindikiza hadi kwenye uzio, mkononi leso yenye pesa zote za ndengu alizovuna na kuuza, akarudia swali la jana: anunue mahindi ya wajukuu sasa, au angoje bei ishuke?

"Wewe unatembea," alisema. "Niulizie huko."

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijaacha. Mukuyuni sokoni, mama aliyekuwa akipima mahindi kwa kopo la gorogoro aliniambia yatapanda, mvua haieleweki. Kitui mjini, kinyozi akasema yatashuka, amesikia redioni. Niliuliza wengine. Wa kijijini walitaja mawingu, wa mjini walitaja habari, lakini nikikaa nao kidogo nilikuta jibu linatoka kwenye kura za uchaguzi uliopita. Ambao mtu wao alishinda waliona nafuu inakuja. Ambao mtu wao alianguka waliona njaa. Mwishowe nilikuwa naangalia picha ya mgombea ukutani, na jibu nalijua kabla hatujamaliza salamu.

Kwa shangazi, picha ya aliyeshinda imebandikwa juu ya kitanda.

Jioni lori la mbuzi likanishusha Mwingi, mji nisioujua. Nikapata chumba kwa mama mmoja aliyevaa kofia ya chama kilekile cha shangazi.

"Bei zitashuka tu," alisema. "Serikali si ni yetu?"

"Basi nikulipe mwezi mzima kwa bei ya leo?"

Akacheka. "Lipa ya wiki. Wiki ijayo tutaongea."

Nilimpigia shangazi palepale. "Nunua mahindi sasa."

"Nani amesema? Hao wa upande ule?"

"Hapana, ni wa upande wenu. Mama mwenye nyumba."

"Amesema yatapanda?"

"Amesema yatashuka. Lakini kodi ya mwezi ameikataa, shangazi."

"Hayo ni ya nyumba. Mimi nilikutuma mahindi." Sauti yake ilikuwa imepata raha. "Asante, mwanangu. Sasa nitalala. Nitangoja."

Nilipopiga tena, simu yake ilikuwa imezimwa. Huizima ili chaji isiishe. Nikaweka mfuko wangu kitandani, nikafungua dirisha. Uani, mama mwenye nyumba, kofia ikiwa bado kichwani, alikuwa akiwaelekeza wapagazi wawili mahali pa kupanga magunia ya mahindi.

"Sukumeni hadi ukutani," aliwaambia. "Kesho yanakuja mengine."