Aliyesimama Badala ya Baba

Kwetu Misunkumilo nilijulikana kama mtu asiyetoka. Sokoni nilifika kwa kusukumwa, na harusi za watu nilihudhuria zile tu ambazo muziki wake ningeusikia hata nikiwa jikoni kwangu. Mume wangu alikuwa akiniambia, "Wewe hata kuku wa jirani wamekuzidi safari." Yeye alitoka Burundi kununua mpunga Kasekese, akapanga chumba kwetu msimu mmoja, na mimi nikapata mume bila kuvuka uzio. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya mahari ndipo tulipoharibu, huku tunacheka. Kwetu mwanaume haji kuposa peke yake. Anakuja na baba, na baba akikosekana anasimama mtu mwingine, na huyo akishasimama, amesimama maisha. Mume wangu hakuwa na ndugu upande huu wa mpaka. Mzee wake alikuwa anaumwa miguu, asingeweza kufika. Basi baba mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na baba yangu, akainuka kwenye mkeka wetu, akazunguka, akaketi upande wa mgeni.

"Kuanzia leo huyu ni kijana wangu," akasema, kisha akaanza kubishana na kaka yake kuhusu ng'ombe kana kwamba wamekutana asubuhi ile. Nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo kwa khanga.

Kabla ya ndoa ya kanisani katekista alileta fomu. Nyumbani kwetu mwenye kidato cha nne ni mimi, na mwandiko wangu unasifiwa, kwa hiyo fomu zote za ukoo huziandika mimi, za mbolea, za shule, hata za hospitali. Nilipofika kwenye jina la baba wa bwana harusi, sikusita. Niliandika la baba mdogo. Kuandika jina la mzee ambaye hatujawahi kumwona, wakati aliyesimama amekaa pale anakunywa chai yangu, niliona ni kukosa adabu. Mume wangu alikuwa Kasekese kwenye mpunga. Niliandika kwa herufi kubwa, nzuri.

Cheti kikakaa kabatini miaka mitatu. Muda wote huo, siku zake za kukaa nchini zikikaribia kwisha, mume wangu alikwenda mpakani, akagongewa muhuri, akarudi. Kila akirudi aliniomba twende uhamiaji tukatafute kibali cha kudumu zaidi, kwa kuwa ameoa Mtanzania. Kila mara nilikuwa na sababu: maharage yapo jikoni, mvua, kichwa. Nilikuwa tayari kumfuata mpaka kaburini, ila si mpaka mjini.

Tulipokwenda hatimaye, nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Ofisa alikuwa kijana mpole, akatupa viti. Aliweka pasipoti ya mume wangu upande huu, cheti upande ule, akasoma, akarudia.

"Mama, huyu aliyeandikwa baba wa mumeo ni nani?"

"Baba mdogo."

"Baba mdogo wake?"

"Wangu mimi. Mdogo wake baba."

Akaweka kalamu chini. "Basi kwa karatasi hii umeolewa na ndugu yako."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Pasipoti ilisema baba yake ni mtu wa Burundi, cheti kikasema ni mkulima wa Misunkumilo, na ofisa alitaka kujua ipi kati ya hizo mbili ni ya uongo. Nikasema cheti nilijaza mimi, mwandiko ni wangu. Hilo nalo akaliandika.

Baba mdogo akaitwa kutoa maelezo. Njiani tulimsihi aseme tu kwamba alisimamia harusi. Akaja na koti lake la kanisani, akaulizwa, "Mzee, huyu ni mtoto wako?"

"Wangu. Muulize kaka yangu."

"Umemzaa wewe?"

"Kijana, mimi nilisimama mbele ya watu. Nyie mnataka nimkane leo, ndani ya ofisi, na mke wake ananiangalia?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Alipewa siku saba aondoke, na pasipoti ikapigwa muhuri kwamba asirudi bila ruhusa. Ofisa alitueleza njia iliyobaki: kanisa lirekebishe cheti, baba mzazi athibitishe kwa maandishi, ndipo maombi yaanze upya.

Nilimsindikiza hadi stendi, safari yangu ndefu kuliko zote mwaka ule.

"Umeona? Kumbe unaweza kutoka," akaniambia.

"Nitakufuata."

"Wewe? Ukivuka Mto Malagarasi nipigie, nikachinje mbuzi."

Alimkuta mzee wake hai, ila kauli imeshakatika. Mzee akafa kabla ya kuthibitisha chochote. Mimi sikuvuka hata reli. Kwanza ilikuwa mimba, kisha miguu kuvimba, na sababu zile zilikuwa za kweli, jambo lililonishangaza, maana nilishazoea kuzitunga. Tuliongea kwa simu. Siku hizi ananitania kidogo sana.

Mtoto alizaliwa wa kike. Tulipokwenda kumwandikisha, baba mdogo akaja na koti lake, na karani akanisogezea fomu. Kalamu ilipofika kwenye jina la baba, nikahisi mkono wa baba mdogo begani.

"Mama, usihangaike," akasema taratibu. "Niandike mimi. Mjukuu wangu asije akaulizwa maswali kama yale. Nitasimama."

Alikuwa ameshaanza kuinuka kwenye benchi. Sijawahi kumjibu mzee yule vibaya maishani mwangu.

"Kaa, baba mdogo."

"Unasemaje?"

"Nakuomba ukae."

Alinitazama kama nimemmwagia maji, kisha akakaa, akashika vifungo vya koti lake. Niliandika jina la mume wangu, na nyuma yake la mzee wake, ambaye sikuwahi kumwona na sasa sitamwona. Kwenye makazi ya baba niliandika Burundi, kwa herufi kubwa, nzuri.