Sanda Ipo, Vidonge Hakuna

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe la kuazima, likanifika chini ya magoti. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya msaidizi wa dawa kwenye zahanati ya kiwanda kimoja cha nguo, Temeke. Bosi wangu wa kwanza, Tabibu Msaidizi, alinisimamisha dirishani akanipa somo moja: "Binti, hapa humuulizi mtu anaumwa nini. Unamuuliza kadi."

Nyie mnaoanza sasa, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dawa ya maji, mgonjwa alikuja na chupa yake kutoka nyumbani, imeoshwa. Asiye na chupa alirudi akaitafute. Vidonge tulivihesabu kwa kisu juu ya sinia, tukavifunga kwenye kipande cha gazeti. Kwa asiyejua kusoma nilichora jua: linachomoza, lipo utosini, linazama. Kila jua, kidonge chake.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kiwandani humohumo, na shinikizo la damu alikuwa nalo siku nyingi. Kila mwezi alipita dirishani kwangu. Siku ya kustaafu alipewa mkono, akapigiwa makofi, akanyang'anywa kadi. Mwezi ulipoisha akaja kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipe vile vyangu."

Tabibu alisikia kutoka ndani. "Huyu mzee kadi amesharudisha."

"Bwana Tabibu, kadi karudisha. Shinikizo bado analo."

"Usinifanyie kejeli hapa! Mstaafu aende zahanati ya serikali. Huko ni bure."

Baba akaondoka mikono mitupu. Mtu kavunjika mgongo kwenye mitambo yao, halafu siku anapoanza kuzeeka, ndiyo siku wanayomfungia dirisha! Sikukaa sana pale. Nikapata nafasi zahanati ya serikali, Buguruni.

Ni kweli, ilikuwa bure. Lakini sanduku la dawa likifika, za shinikizo zilikwisha kabla ya mwezi kufika kati. Anayebaki anaambiwa akanunue. Watu huniuliza: matibabu bure, mzee anataka akiba ya matibabu ya nini tena? Ya hiyo nusu ya mwezi, jamani! Bure isiyokuwepo rafuni haishushi shinikizo.

Hapo Buguruni nilifundishwa na Muuguzi Mkuu, mama mmoja mkali wa kutoka bara. Alimwambia kila mzee aje na dawa zake zote, hata za uvunguni. Bibi mmoja akamwaga kapu lake mezani. Mama akazipanga, akashika kiuno. "Bibi, hii na hii na hii ni dawa moja! Maboksi tu ndiyo tofauti. Unameza mara tatu!" Bibi akasema, "Mie nikajua rangi tatu, kazi tatu." Tulicheka, kisha nikaogopa. Tangu siku hiyo nikawa nawaandikia wazee jina la dawa yenyewe, si jina lililo kwenye boksi, wakaulize dukani ile ya bei ndogo. Hiyo peke yake iliwapunguzia wengi mzigo.

Baba naye alikuwa na njia yake ya kubana matumizi, hakuniambia. Kichwa kikigonga anameza. Kikiwa chepesi anaacha. Asubuhi moja alianguka bafuni, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalala.

Sasa sikilizeni. Kabla hata hatujapata gari la kumpeleka hospitali, Mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana alishafika na wazee wenzake, wamebeba sanda na jeneza la msikitini. Mtu kawaambia mzee katutoka.

"Ndugu Mwenyekiti, baba anapumua!"

"Alhamdulillahi. Basi hii tunarudi nayo."

"Msirudi nayo. Baba kachangia miaka yote. Nisaidieni ya dawa."

"Binti, chama ni cha kuzikana. Katiba haimjui mtu aliye hai."

"Kwa hiyo afe kwanza?"

"Mdomo huo kama redio! Unatumia betri ngapi?"

Baba alikuwa mkekani, anasikia. Akainua mkono uliobaki. Maneno yalitoka yamepinda, lakini yalitoka. "Nitoeni chamani. Nipeni changu, ninunue vidonge."

Wazee walishtuka kuliko walivyoshtuka kuambiwa kafa. Kwetu hakuna atokaye chama cha kuzikana. Mwenyekiti akachuchumaa. "Ndugu yangu, utazikwa na nani?"

"Na nyie. Mtaniacha ninuke?"

Gari likafika, tukampeleka hospitali. Walimpa chake wiki ileile, wakiwa wamenuna.

Mie nimeacha kazi. Nina mtoto mgongoni na baba wa kumlisha, na koti jeupe nililojishonea Buguruni nimempa binti wa jirani. Nyie mnaopokea mshahara leo, wazee wenu wangali na nguvu, wekeni kitu cha dawa kando na cha sanda. Kiulizeni chama chenu mbele ya watu: mtu akiugua tunafanyaje?

Baba sasa anameza kila asubuhi, haruki siku. Shinikizo limeshuka. Mkono ule ulioshika spana haushiki kijiko, wala hautashika tena. Vidonge hivihivi angevipata mapema, angekula mwenyewe, nami ningekuwa kazini mpaka leo.