Mvuke wa Nyamyumba

"Basi sema tena, Mama, vile ulimwambia mutoto," Mukagasana alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Mutu iko anapata mimba kwa mvuke?"

"Sikusema mvuke tu," Saidati alijitetea. "Nilisema mvuke, na miguu ndani ya maji."

Siku nyingine mtaa mzima wa Waswahili wa Gisenyi ungecheka. Saidati ndiye aliyeapa kuwa samaki mmoja wa Ziwa Kivu alimvuta marehemu mumewe, mtumbwi na vyote, mpaka Goma, akamrudisha saa ya chakula. Watu walimwongezea chai ili aendelee. Leo alikuwa anatazama miguu yake.

Msichana hufundwa na shangazi yake, na Nyiramana hakuwa na shangazi. Kwa hiyo Mukagasana, alipoona binti yake wa miaka kumi na saba amezoeana na Kayitare, mtoto wa mvuvi Sebagabo, alimwomba mama yake amfunde: akutane naye mchana, mbele za watu, ajue pa kukomea, na ajue kwa nini. Saidati alikubali kwa mbwembwe. Ila alipoketi na mjukuu uso kwa uso, hiyo "kwa nini" ilimshinda. Hakuwahi kuitamka maishani. Ulimi ukakimbilia njia uliyoizoea, akatunga habari ya chemchemi za maji moto za Nyamyumba, na msichana aliyetia miguu pale karibu na kijana, akazaa watoto watatu waliotoka jasho mpaka uzeeni.

Jumapili Nyiramana alikwenda Nyamyumba na Kayitare mchana kweupe, mama na dada za kijana wakiwapo, kuchemsha viazi vitamu kwenye maji yale. Akateleza karibu na Kayitare, miguu ikaingia majini pembeni, pasipounguza. Kesho yake akamwambia Kayitare, kwa machozi, kwamba ana mimba. Kijana alijua hajamgusa. Akaondoka, habari ikasambaa, na sasa ufuo mzima ulikuwa unauliza mimba ni ya nani.

"Bon, sawa," Mukagasana alisema. "Leo unamwambia mutoto kweli. Kisha unakwenda kwa Sebagabo, unasema mbele ya bibi yake, mama ya Kayitare."

"Watanicheka."

"We watakucheka. Yeye wanamutukana."

Saidati akaokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheusi.

"Mi, mama yangu aliniambia mimba inatoka kwa kula sahani moja na mwanaume," alisema. "Nikaogopa sahani." Akaufungua uzi. "Sahani tu. Ndiyo we ukazaliwa."

Cherehani ikasimama. "Na zile ng'ombe arobaini za mahari baba alitoa?"

"Haikukuwa hata mbuzi. Kwao walinirudisha nyumbani na tumbo, mama hakunitazama mwaka muzima."

Mukagasana aliweka mkono juu ya gurudumu. "Donc, kumbe ulijua," akasema taratibu. "Ulijua uongo kama huo unafanya nini, na ukaupatia mutoto wangu."

Saidati akajifunika uso kwa kanga. Sauti ilitokea ndani ya kitambaa, ndogo, si ile ya mtaani, ikijaribu maneno ya kumwambia mjukuu. "Maji hayana kitu, mwanangu. Nilitunga. Kweli yenyewe, mutu anapata mimba wakati..."

Pazia likasogea. Nyiramana akaingia, macho yamevimba, mkononi kikofia cha mtoto mchanga alichokishona kwa mabaki ya kitambaa cha mama yake.