Bushi ya Nyuma

Mtaani walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta njiani. Alikuwa fundi wa injini. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, wateja wakampungukia mmoja mmoja, naye akaligeukia gari kuukuu la marehemu baba yake, lililokaa miaka mingi chini ya turubai uani.

Aliifungua injini yote. Bushi, zile pete za chuma zinazoshika kemshafti, yaani fimbo inayozunguka na kufungua vali, zilikuwa zimelika, akazitoa na kutafuta mpya. Kuzipachika si kazi ya nguvu. Kila bushi ina tundu dogo, na tundu hilo lazima lielekeane na njia ya oili kwenye bloku, mwili wa injini. Likipishana, kemshafti inazunguka kavu na kujimaliza.

Za mbele ziliingia vizuri. Ya nyuma ilimsumbua. Kila akigonga, mkono ulicheza na bushi ikageuka kidogo. Mwishowe ikazama, akajiambia imekaa.

Mkewe, mshona nguo, alikuwa amemletea chai. Kwa kawaida aliishia mlangoni. Safari hii aliinama, akachungulia, akaokota kipande cha waya na kukipitisha kwenye njia ya oili. Kikagota.

"Baba, hapa pameziba," alisema.

Taratibu alimwambia akamalizie nguo za watu. Mkewe akarudi kwenye cherehani yake. Chai ilipokwisha kupoa, fundi aliujaribu waya mwenyewe, nao ukagota palepale. Akaing'oa ile bushi. Ilitoka imepinda, haifai tena.

Ilibidi aagize nyingine. Ilipofika, alikwenda hadi chumba cha cherehani, akasimama kizingitini kama mteja.

"Mama, njoo unisaidie. Mkono haunisikii."

Mama aliuliza nyundo atashika nani. Akajibiwa ni yeye. Basi alichukua chaki yake ya kushonea, akachora mstari kwenye bushi na mwingine kwenye bloku, ili ikigeuka aone. Akagonga kidogokidogo, huku mumewe akimwangazia taa kwa mkono wa kushoto na kumwambia ongeza, ongeza, basi. Waya ukapita. Kemshafti ikaingia na kuzunguka kwa kusukumwa na kidole.

Gari liliwaka baadaye, likafuka moshi na kuzimika mara kadhaa kabla ya kutulia. Mkono wa fundi haukupona. Wateja wachache walirudi, na asubuhi mama huvaa ovaroli aliyoipunguza mwenyewe, na kuingia na mumewe chini ya magari.