Friza ya Zuleikha

Kama kuna mtu aliyefunzwa subira kwa bakora, basi ni Zuleikha Badawi. Alikwenda Uingereza kusomea mambo ya urithi wa viumbe, akarudi Malindi mwaka 1984 na shahada yake. Mtaani wakamwita daktari, na haikupita wiki wakaanza kumbishia hodi kutaka dawa ya kikohozi. Aliwaeleza kwamba yeye si daktari wa kutibu. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza kama sindano anapiga.

Kazi yake ilikuwa selimundu, maradhi ya damu ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wote wawili. Alitaka kuyatambua ndani ya urithi wenyewe, zile nyuzi nyembamba zilizomo damuni, na kwa hilo alihitaji vimeng'enya, maji ya kitaalamu yanayokata urithi mahali maalumu, mfano wa mkasi. Yakikata, hapo pazima. Yakishindwa kukata, pana kasoro. Ila vimeng'enya vinataka barafu, na joto la Malindi mwenyewe unalijua.

Shehena ya kwanza ilikwama forodhani Mombasa hadi ikayeyuka. Ya pili ilifika salama, umeme ukakatika. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Wafadhili wakampigia simu: watamletea shehena moja tu tena, na asipotoa jibu kabla mwaka 1987 haujaisha, chumba chake pale kituo cha utafiti watapewa watafiti wa mbu, naye aende Nairobi akafundishe. Zuleikha aliumwa na maneno yale. Hakurudi kwao ili afukuzwe na mbu.

Shehena ya tatu ikaja, imeganda sawasawa. Alivipanga vichupa ndani ya friza kwa mikono yake mwenyewe, akamwonya Kioko, mhudumu wa kituo, asimruhusu mtu kuigusa. Kioko, mtu wa Machakos na mlokole, akaahidi mbele ya Mungu. Zuleikha akaenda Kakuyuni kuchukua damu ya jamaa za Kadzo, mwanamke aliyekwisha kuzika watoto wawili kwa maradhi hayo. Alikuwa amembembeleza muda mrefu. Kadzo alinyoosha mkono, akasema, "Chukua, lakini uje unambie." Zuleikha akamwahidi.

Sasa, wiki ile ndiyo iliyokuwa ya harusi ya Fumo, ndugu yake. Na kwetu pwani harusi ni ya mtaa mzima, na friji ya jirani ni friji yako. Safari hii friji zote zilikuwa zimejaa. Ndipo Bi Hindu, mama yake, alipokumbuka kwamba bintiye ana friza kubwa kazini.

Zuleikha aliporudi na damu ya kina Kadzo, akafungua friza, akatazamana macho kwa macho na nguru. Walikuwa samaki wa karamu, wazima, wamepangwa vizuri, vichwa upande mmoja. Kioko alijitetea kwamba alikatazwa watu, lakini huyu alikuwa mama, na nani amfungie mama mlango? Vichupa je? Kioko akaonyesha mtungi wa maji ya kunywa pale pembeni. Zuleikha akaingiza mkono, akavitoa, vimefungwa kwa leso safi. Maji ya mtungi yalikuwa baridi ya kukata kiu, si ya kuokoa kimeng'enya. Alivijaribu hata hivyo usiku ule, kwa ukaidi tu. Havikukata kitu.

Asubuhi akaenda nyumbani na hasira zake. Bi Hindu alikuwa uani anachagua mchele, wanawake wa mtaa wamemzunguka.

"Shikamoo mama. Vile vichupa vyangu..."

"Marahaba mwanangu. Nimevitia mtungini visipate joto. Nakujua na vitu vyako, mimi ningevitupa?"

Wanawake wakamsifu Bi Hindu kwa kumjali mwanawe. Zuleikha alikuwa na maneno ya kumwaga kutwa nzima, na hata moja halikuwa la kumwambia mama mbele za watu, siku ya harusi. Akasema ahsante. Kisha akajifungia chumbani akalia kwa uchungu, akimfikiria Kadzo anayengoja.

Adhuhuri Bi Hindu alimletea sahani mwenyewe, wali wa nazi na kipande kinene cha tumbo la nguru.

"Mbona huli, mwanangu? Samaki hajaharibika."

Zuleikha akamega, akatia kinywani. Kweli, hakuwa ameharibika hata kidogo. Ungedhani amevuliwa alfajiri ile.