Kutu kwenye Maua ya Mama

Wiki iliyopita nilirudi Mpuguso kumzika bibi. Baada ya matanga nilipita kando ya nyumba, nikagusa majani ya maua ya mama, na vidole vikatoka na unga wa rangi ya machungwa. Nikawa tena mtoto wa darasa la tatu.

Maua yale mama aliyapanda kabla hajafariki. Tuliyaita maua ya siku moja, maana ua lililofunguka asubuhi, jioni limesinyaa. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, bibi aliyachuma yaliyofunguka akayaweka kwenye kaburi la mama, nyuma ya migomba. Mwaka mmoja mvua ilizidi, majani yakaota kutu, ugonjwa wa ule unga wa machungwa, machipukizi yakanyauka. Jumapili ikapita, kaburi likabaki tupu.

Bibi akakata majani yote, akayatupa kwenye mashina ya migomba, kama tulivyofanya kwa maganda, majivu na magugu. Migomba ilikuwa palepale karibu. Upepo ukavuma, mvua ikapiga, unga ukarudi, na majani mapya yakatoka na kutu ileile.

Jirani yetu, mama mmoja wa kucheka kwa sauti, alikuja na kikapu cha ndizi kichwani. Ndiyo miaka ile biashara ilipofunguliwa, soko la Tukuyu likajaa vitu vya nje.

“Bibi, ng'oa hayo upande maharage! Sokoni siku hizi kuna maua ya plastiki. Hayaugui!”

“Hayaugui kwa sababu hayaishi,” bibi akajibu. “Mwanangu hakupanda plastiki.”

“Haya, uguza wagonjwa wako!”

Bibi akakata tena, bila kuacha hata jani moja lianguke. Kwa kuwa kwetu nje hapakauki kitu, tuliyatandaza jikoni, kwenye kichanja juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Yalipokauka tukayachoma kidogo kidogo chini ya chungu cha maharage. Bibi alitokwa machozi. Nilidhani ni moshi.

Majani yaliyofuata yakatoka safi, na ua la kwanza lilifunguka Jumanne. Bibi hakungoja Jumapili. Aliliweka kaburini, akasema “Ndaga,” asante ya Kinyakyusa, kisha akaenda kupalilia.

Sasa makaburi ni mawili, na yote yamefunikwa mashada ya plastiki tuliyoleta sisi wa mjini. Leo nimekata majani yenye kutu nikayapeleka jikoni. Kichanja hakipo, pana jiko la gesi. Nimeyatandaza barazani. Mvua inanyesha. Nilikuwa niondoke kesho, lakini nitangoja yakauke.